Mshona Nyavu wa Murangi Aliyesimama Kanisani Kusema Bado Hajapona

Saa moja na nusu asubuhi, Murangi. Mitumbwi ya dagaa imeshapakua, wachuuzi wameondoka na ndoo zao nyuma ya pikipiki, na wavuvi wanajikongoja kwenda kutafuta chai. Wengine wakimaliza kazi, Matrida Magige ndiyo kwanza anaanza yake.

Amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha mbele, na wavu wa sangara umetandazwa kwenye miti miwili mbele yake. Mkono wa kushoto unaupekua wavu jicho kwa jicho, kama anayechambua mchele. Wa kulia umeshika sindano ya plastiki iliyosheheni uzi. Akifika penye tundu anakata nyuzi zilizochakaa kwa wembe, kisha sindano inaingia, inazunguka kidole, inatoka, na fundo linakazwa. Halafu lingine, na lingine.

Leo amekutana na tundu la ukubwa wa sinia.

"Hapa alipita mamba," anasema bila kuinua macho. "Fisi maji anatoboaga kadogo tu, anachukua samaki wake anaenda. Mamba anafungua mlango."

Mkono wake wa kulia umevikwa soksi ndefu ya kubana, kuanzia kiganjani mpaka karibu na bega. Wavuvi wameshaizoea, hakuna anayeuliza. Kwa siku nzuri mkono huo unampatia shilingi 15,000, na siku mbaya haumpatii kitu, maana ziwa likiwa shwari na mamba wakiwa wameshiba nyavu hazichaniki.

Matrida, ambaye ufuo mzima unamwita Mama Gody kwa jina la mwanawe wa kwanza, ana miaka 47. Kazi hii alifundishwa na baba yake, kwa kuwa nyumbani kwao hapakuwa na mtoto wa kiume, na mzee hakutaka ujuzi wake uzikwe naye. Mwanzoni wavuvi walimcheka. Baadaye walianza kupanga foleni.

Anayemwona leo akishona na kutania watu hawezi kudhani kwamba mwanamke huyu aliwahi kukaribia kufa kwa sababu ya kuona aibu. Hakuwa amefanya kosa lolote la kumtia mtu aibu. Alikuwa amemshukuru Mungu mapema.

Ilikuwa Januari 2022. Matrida akiwa anaoga aligusa kitu kigumu kwenye titi la kulia, ukubwa wa harage. Hakikuuma. Akakiacha. Mwezi ukapita, harage likawa kama yai la njiwa, ndipo akamwambia mumewe, Prosper, mkulima wa mihogo na pamba ambaye kwa kawaida hana haraka na jambo lolote duniani.

Siku hiyo Prosper alikuwa na haraka. Kesho yake walikuwa Musoma, na wiki iliyofuata walikuwa Mwanza, ambako madaktari walichukua kinyama kidogo kwenye ule uvimbe wakakipeleka kupimwa. Majibu yalichukua wiki tatu.

"Daktari aliongea vizuri, tena taratibu," anakumbuka Matrida. "Lakini mimi nilisikia neno moja tu, saratani. Mengine yote aliongea na Prosper. Kwetu huku ukitaja saratani, watu wanaanza kuulizana shamba atabaki nalo nani."

Daktari alikuwa amesema mengi ya kutia moyo. Ugonjwa ulikuwa hatua ya pili, ulikuwa bado haujasambaa, na dawa zipo. Angewekewa dripu sita za dawa hizo, kila moja baada ya wiki tatu, ili kuusinyaza uvimbe. Baada ya hapo angefanyiwa upasuaji. Prosper aliyaandika yote nyuma ya karatasi ya tiketi ya basi, na karatasi hiyo ameihifadhi mpaka leo.

Waliporudi Murangi, wa kwanza kufika nyumbani alikuwa Dorotea, mjane wa miaka 68 anayeongoza kikundi cha maombi cha akina mama kanisani kwao. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ambayo ikianza kuomba hata kuku uani wanatulia. Alikuja na wenzake tisa. Hawakuuliza maswali mengi. Walimweka Matrida katikati, wakamwekea mikono, wakaomba mpaka sufuria ya chai ikakaukia jikoni.

Tangu siku hiyo waliomba kila Jumanne na Ijumaa, nyumba kwa nyumba. Na Matrida akaanza dripu zake. Ya kwanza Aprili, ya pili Mei. Zilimtesa. Nywele zilimtoka, chakula kikawa hakipiti, kucha zikageuka rangi.

Halafu, siku kumi baada ya dripu ya pili, alijigusa akiwa amelala na harufu ya dawa bado ikiwa puani. Hakukuta kitu.

"Nilitafuta. Nikatafuta tena. Nikamwita Prosper, na yeye akatafuta. Hakuna. Nikalia mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba."

Hapa ni lazima mtu aelewe utaratibu wa kanisa lao ili aelewe kilichofuata. Kila Jumapili, baada ya matangazo, kuna nafasi ya ushuhuda. Aliyeponywa anasimama mbele, anasimulia, na kama uponyaji ni mkubwa analeta shukrani. Shukrani huwa ni mnyama. Anachinjwa, anapikwa nyuma ya kanisa, na kila mtu anakula, hata mpita njia aliyefuata harufu. Nyama ikishaliwa, jambo limefungwa. Hakuna aliyewahi kula shukrani kisha akaambiwa kwamba bado.

Jumapili ya kwanza ya Juni 2022, Matrida alisimama mbele akiwa na kilemba cha kitenge kichwani, akasema amepona. Prosper alikuwa amechinja beberu wake mkubwa kuliko wote. Akina mama wa kikundi walimbeba Matrida juu ya kiti wakazunguka naye kanisa mara tatu, kwa vigelegele vilivyosikika mpaka ufuoni. Wanaokumbuka siku ile wanasema hawajawahi kuona furaha ya namna hiyo pale kijijini, hata kwenye harusi.

Dripu ya tatu ilikuwa Alhamisi iliyofuata. Matrida hakwenda.

"Naomba uandike vizuri hapa," anamwambia mwandishi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaiweka sindano chini. "Mchungaji hakunikataza. Dorotea hakunikataza. Nilijikataza mwenyewe. Niliwaza, nikionekana kwenye basi la Mwanza na yale mafaili ya hospitali, watu watasemaje? Kwamba Mungu wa Mama Gody amefanya nusu, nyingine anamalizia daktari?"

Hospitali ilimpigia simu mara tatu. Ikiita namba ya Mwanza, anasema, aliiacha iite mpaka ichoke.

Alirudi kwenye nyavu. Nywele zikaanza kuota. Julai, Agosti na Septemba zilipita kwa raha, na watu wakamwita kwenye mikutano ya injili vijiji vya jirani akasimulie. Alikwenda mara mbili.

Oktoba uvimbe ukarudi.

Haukurudi kama harage. Ulirudi ukiwa mkubwa, na mwingine mdogo ukatokea kwapani. Matrida anasema alipougusa hakulia. Alikaa tu kitandani, akahisi joto la aibu likimpanda shingoni, kabla hata hofu haijafika.

"Watu wanadhani niliogopa kufa. Ndiyo, niliogopa. Lakini nilichoogopa zaidi ni ile nyama. Watu mia mbili walikula beberu wangu. Nikawaambie nini sasa?"

Aliomba. Aliomba nyumbani, aliomba shambani kwenye mihogo, alikwenda nyuma ya mawe makubwa ya ziwani akaomba huko mawimbi yakimlowesha gauni. Aliomba uvimbe uondoke kimyakimya kama ulivyokuja, ili asije akamwaibisha Mungu mbele ya watu. Haukuondoka.

Prosper alijua. Mume na mke hawafichani jambo kama hilo kitanda kimoja. Lakini naye alifunga mdomo.

"Mimi ndiye nilichinja," anasema Prosper, akitazama pembeni. "Nilishika kisu mwenyewe. Ningeanzaje kumwambia rudi hospitali? Tulikaa miezi miwili, tunaongea mvua na mihogo. Ninajilaumu kwa hilo mpaka leo."

Mwezi Desemba mkono wa kulia ukaanza kugoma. Kila Matrida akiuinua kukaza fundo, kwapa lilimchoma kama limewekwa kaa la moto. Hakutaka kuacha kazi, maana kuacha kazi kungeleta maswali. Basi akahamishia sindano mkono wa kushoto. Akajifunza upya, polepole, na akajisifu moyoni kwamba hakuna aliyegundua.

Aligundua mtu mmoja, tena yule ambaye asingemfikiria.

Mzee Maige ana mitumbwi minne na maneno mengi. Kanisani huonekana Krismasi na kwenye mazishi, na hata huko hukaa karibu na mlango. Lakini ana tabia moja. Kabla wavu wake haujaingia majini, huupitisha wote vidoleni mwake, mwanzo mpaka mwisho, macho amefumba. Jioni moja baada ya Krismasi alifika nyumbani kwa Matrida na wavu begani.

"Mama Gody, huu wavu umeshonwa na nani?"

"Na mimi, mzee."

"Hapana. Miaka kumi na mbili mimi napitisha mafundo yako vidoleni. Mafundo yako yanalalaga kulia. Haya yamelala kushoto, yote. Nani ameshona?"

Matrida alifungua mdomo kujibu, yakatoka machozi. Prosper, aliyekuwa akimenya mihogo uani, aliinuka akaingia ndani. Hapo mlangoni, mbele ya mtu asiye hata wa kikundi chake cha maombi, Matrida alisema yote: uvimbe, kwapa, dripu alizoziacha, na shukrani iliyoliwa.

Mzee Maige alisikiliza. Kisha akasema jambo ambalo Matrida amelirudia mara nyingi tangu siku hiyo.

"Mimi sio mtu wa kanisa sana, unanijua. Lakini wavu ukichanika pale pale uliposhona, mimi nakurudishiaga. Nimekurudishia mara ngapi? Nimewahi kukuita mwongo hata siku moja?"

Akauacha wavu juu ya kiti, akaenda zake.

"Miezi miwili nilikuwa naomba jibu," anasema Matrida, na sasa anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Nilikuwa nasubiri malaika. Nikaletewa Mzee Maige."

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa Mchungaji Edwin kumweleza, na kuomba asimame kanisani kesho yake. Alitegemea kukemewa, na alikuwa amejiandaa kujitetea. Mchungaji alichezea miwani yake, halafu akamwomba msamaha.

"Sikumuuliza swali hata moja siku ile," anaeleza Mchungaji Edwin, mtu mpole wa miaka hamsini na kitu. "Wala sikumuuliza daktari amesemaje. Niliona furaha nikaingia ndani yake kama mtu mwingine yeyote. Ile shukrani niliibariki mimi kwa mikono yangu. Nikamwambia, dada, kesho hutasimama peke yako."

Jumapili ya kwanza ya Januari 2023 kanisa lilikuwa limejaa, kwa kuwa wengi walikuwa bado likizo. Nafasi ya ushuhuda ilipofika, Matrida alitembea mpaka mbele. Mchungaji akashuka madhabahuni akasimama ubavuni kwake. Waumini wakatabasamu, wengine wakajiweka sawa kupiga makofi. Walidhani kuna habari njema nyingine.

"Mwezi wa sita nilisimama hapa nikasema nimepona," alisema. "Sijapona. Uvimbe umerudi, na umeingia kwapani. Niliacha dawa mwenyewe, nikawaficha. Naombeni mnisamehe, na mniombee, kwa sababu kesho narudi hospitali."

Matrida anasema alisikia bati likilia kwa joto juu ya kichwa chake. Hakujua pa kuweka uso. Alikuwa ameshaanza kurudi kwenye benchi lake, ndipo Dorotea alipoinuka.

Dorotea hakwenda mbele. Alisimama pale pale kwenye safu ya akina mama, mkono kiunoni, kama anayegombana na mchuuzi.

"Yule beberu tulimla kwa halali," alisema. "Mungu alitupa dripu mbili zikafanya kazi, tukamshukuru kwa dripu mbili. Zimebaki nne na kupasuliwa. Kwa hiyo hatujamaliza, tumekatisha. Mama Gody, kaa chini, mwanangu. Tunahesabu."

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akapiga kigelegele, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kulizuia kanisa. Matrida alikalia benchi lake akilia kwa sauti, na Prosper, ambaye tangu ujana wao hakuwahi kumshika mkono hadharani, alimshika.

Kesho yake walipanda gari kwenda Musoma, wakaunganisha basi la Mwanza. Daktari alimpima, akamwambia ukweli. Ugonjwa ulikuwa umefika hatua ya tatu. Ile miezi ilikuwa imemgharimu. Lakini haujafika mapafuni wala kwenye ini, na bado inawezekana.

Hesabu ya Dorotea ndiyo iliyovurugika. Daktari alibadilisha dawa na kuanza upya, dripu sita kamili. Dorotea alipopewa habari hiyo kwa simu aliguna, akasema sawa, sita ni sita, akaenda kuzichora kwenye karatasi ya manila. Karatasi ikabandikwa ukutani kanisani, kando ya ratiba ya kwaya. Kila tarehe ya dripu ilikuwa na majina mawili: mama wa kumsindikiza Matrida mpaka Mwanza, na mama wa kumpikia Prosper. Waliobaki walifunga kuanzia alfajiri mpaka simu ipigwe kwamba dripu imeisha.

Siku ya dripu ya tatu simu ilipigwa mapema mno. Damu ya Matrida ilikuwa chini, ameambiwa arudi baada ya wiki moja. Wanawake waliokuwa wamefunga Murangi wakabaki wanatazamana, hawajui kama wale au wasile. Wakamfuata Dorotea. Akafikiri, akasema mfungo haujavunjika ila umeahirishwa, kwa hiyo uji unaruhusiwa lakini ugali hapana.

"Mpaka leo mimi sijui hiyo sheria aliitoa wapi," anasema Matrida. "Ila uji walikunywa."

Njiani kwenda na kurudi alilala kwa mdogo wake, Sara, anayeishi Kabasa, mjini Bunda. Safari ya siku moja ilikuwa inamshinda. Sara alimtandikia godoro karibu na dirisha, akamwekea ndoo, na hakumlazimisha kula. Matrida anasema huko ndiko alikojifunza kuomba upya, akiwa amelala ubavu, hana nguvu ya kupiga magoti.

"Zamani nilikuwaga namwambia Mungu afanye nini na lini. Nampangia kabisa. Kule Kabasa nilikuwa sina maneno. Nikawa namwambia tu mahali nilipo. Mungu, leo nimetapika mara nne. Mungu, leo nimekunywa maziwa. Basi. Na nilisikia amani kuliko siku niliyobebwa kwenye kiti."

Kisha anaongeza: "Nilikuwa namlindia Mungu jina lake. Hakunituma."

Juni 2023 aliondolewa titi lote pamoja na tezi za kwapani. Agosti alianza mionzi, akaimaliza Septemba. Kisha akapewa vidonge vya kumeza kimoja kila siku kwa miaka mitano. Tangu Januari mpaka mwisho wa mwaka huo hakushona wavu hata mmoja, na nyumba iliendeshwa na mihogo ya Prosper na bakuli za unga zilizokuwa zikiachwa mlangoni bila jina.

Kilichomtia hofu baada ya hapo ni mkono. Ulivimba, ukawa mzito, na hakuweza kuuinua kupita kifua. Wataalamu wa mazoezi walimfundisha kuutembeza ukutani vidole kwa vidole, wakampa ile soksi ya kubana, wakamwonya asinyanyue mizigo. Lakini nyavu pale Murangi zilikuwa zikitandazwa kwenye miti mirefu, juu ya kichwa cha mtu.

Siku moja mwanzoni mwa 2024 alifika ufuoni kuwasalimia watu tu, akaikuta miti imekatwa. Mzee Maige alikuwa ameishusha mpaka usawa wa kifua cha mtu aliyekaa. Vijana wake walilalamika kwamba sasa wanavunjika migongo kwa kuinama wakati wa kutandaza. Aliwajibu kwamba migongo yao ni michanga, itapona.

Wavu wa kwanza ulimchukua Matrida siku nne badala ya moja. Mzee Maige alikuja, akafumba macho, akaupitisha vidoleni.

"Yamelala kulia," alisema, akaubeba.

Matrida anasema aliposikia maneno hayo mawili alijua amerudi duniani.

Mwezi Mei mwaka huu alikwenda Mwanza kwa uchunguzi. Picha zilipigwa, damu ikachukuliwa. Daktari alisoma majibu mara mbili, akamwambia kwamba hakuna dalili yoyote ya ugonjwa. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya waumini na kutumia maneno yaleyale ya daktari, hakuongeza wala hakupunguza: kwa vipimo vya sasa hakuna kitu, vidonge vinaendelea, na baada ya miezi sita anarudi kupimwa. Kanisa lilishangilia kana kwamba wafungwa wote wa mkoa wamefunguliwa.

Hata hivyo ushindi mkubwa zaidi, ukimuuliza yeye, ni mwingine. Tangu asimame ile Januari, wanawake walianza kumfuata pembeni, kisimani, gulioni, hata kwake wakijifanya wamekuja kuazima chumvi. Mmoja ana uvimbe. Mwingine anatokwa damu isiyo ya kawaida. Walikuwa wameficha, wengine kwa mwaka mzima, kila mmoja akisubiri apone kwanza ndipo aseme. Mwaka jana wanawake 34 wa kijiji hicho walikwenda pamoja kupimwa, Dorotea akiwa mbele. Wawili walikutwa na matatizo, yote yakiwa hatua za mwanzo. Mmoja ameshafanyiwa upasuaji mdogo na anaendelea na kilimo chake, mwingine bado anatibiwa.

Mwaka huu walikwenda tena. Safari hii aliyekutwa na ugonjwa ni Rhobi, msusi wa miaka 31, mzaliwa wa Butiama aliyeolewa Murangi, mwenye watoto wawili wadogo. Majibu yake yalitoka wiki mbili zilizopita. Saratani ya titi, hatua ya kwanza.

Jumapili iliyopita mwandishi wa makala haya alikuwa kanisani humo. Baada ya matangazo, Mchungaji Edwin alitangaza nafasi ya ushuhuda, na Rhobi akatembea mpaka mbele. Mikononi alikuwa na beseni la viazi vitamu. Alisimama macho yakiwa sakafuni, na hakuna aliyemharakisha.

"Mimi sijapona," alisema hatimaye. "Ndiyo kwanza nimeambiwa naumwa. Jumanne naanza dripu ya kwanza. Nimeleta hivi viazi kumshukuru Mungu kwamba nimejua mapema. Naomba mnihesabie."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilipita vile vya beberu, kwa ushahidi wa watu waliovisikia vyote viwili. Dorotea alikuwa ameshainuka kwenda ukutani na karatasi mpya ya manila. Viazi vilichemshwa nyuma ya kanisa, kila mtu akapata kipande, na hakuna aliyeona ajabu kula shukrani ya mtu ambaye hata hajaanza kutibiwa.

Nje, chini ya ukuta wenye kivuli, Matrida alieleza mipango yake. Vidonge vinamalizika Septemba 2028. Prosper ameshatenga ndama dume, na Mungu akipenda atakuwa ng'ombe mzima wakati huo. Kabla ya hapo anataka kumfundisha kazi ya nyavu binti mmoja au wawili, na anataka kijiji chake kifikishe mwaka ambao hakuna mwanamke anayekwenda hospitali akiwa amechelewa. Ni hilo la mwisho analoliombea zaidi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jina la kwanza kwenye karatasi ya Rhobi, upande wa kumsindikiza, ni lake. Jumatatu wangeondoka Murangi, wangelala Kabasa kwa Sara, na alfajiri wangepanda basi la Mwanza.

Rhobi alipokuja kumuaga, beseni tupu likiwa kwapani, alimuuliza kwa sauti ndogo kama dripu inauma sana.

Matrida hakumdanganya. Alimwambia inachosha, na nywele zitatoka, na kuna siku atatamani kuacha. Siku hiyo ampigie simu, saa yoyote. Kisha akamwekea vizuri khanga begani, kama mama anayemwandaa mtoto kwenda shule.

"Na ubebe sweta, mdogo wangu," alisema. "Kile chumba kina baridi."